Nimealikwa Idi Istanbul, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Idi el-Fitri itanikuta Istanbul, na mfanyakazi mwenzangu amenialika kwao siku ya kwanza. Mimi ni Mkristo na Kituruki sijui. Nachelea kuaibika mbele ya wazee wake. Niende saa ngapi, na nibebe nini?
Msafiri

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuaibika huwezi kunishinda. Mara ya kwanza nilipoingia nyumba ya Waturuki siku ya Idi, kijana alinijia na chupa akanimiminia kitu viganjani. Kilinukia ndimu. Nikadhani sharubati, nikakipeleka mdomoni. Kumbe kolonya, manukato yenye spiriti anayokaribishiwa mgeni! Bibi wa nyumba alicheka mpaka ushungi ukamteleza. Wewe sugua viganja, basi.

Usidamke kwenda. Asubuhi wanaume huenda kuswali, wakirudi familia hukaa kunywa chai, na baada ya mwezi mzima wa kufunga chai hiyo ni yao. Saa kamili akupe mwenzako. Viatu vua mlangoni, utapewa ndara za ndani.

Sasa wazee. Utaona vijana wakibusu mkono wa mzee kisha wakiugusisha kwenye paji la uso. Ukinyooshewa mkono, kiganja kikiangalia chini, nawe fanya vivyo hivyo. Usiponyooshewa, weka mkono wako kifuani useme "iyi bayramlar", yaani Idi njema. Usimnyang'anye mtu mkono wake.

Beba baklava au boksi la chokoleti. Wengine huiita Idi hii Şeker Bayramı, sikukuu ya vitamu, na watoto hupita mlango kwa mlango kuvidai, kwa hiyo weka peremende mfukoni. Pesa za watoto waachie wakubwa wao. Nawe ukiletewa sahani ya vitamu, chukua hata kimoja. Kahawa ikiisha, aga. Siku hiyo watu huzunguka kwa ndugu, wakianzia kwa aliye mkubwa kuliko wote, na mgeni aliyeganda kitini anawachelewesha.

Halafu zawadi zako za kurudi nazo nunua kabla. Kapalıçarşı, lile soko kuu la kale lenye paa, hufungwa siku za Idi. Nilifika langoni nikakuta komeo na paka wawili, nikaishia kununua uwanja wa ndege, kwa bei ambayo mume wangu hajaambiwa hadi leo.