Uzito wa chaja nao uhesabiwe

SWALI: Nafundisha shule mbili, kutwa niko njiani na begi. Kompyuta yangu ya inchi 15 inaniumiza bega. Nataka ndogo, ya kuandikia maandalio na kusoma barua pepe tu. Niangalie nini?

JIBU: Mwalimu, pole na bega. Mwaka 2007 ilipotoka Asus Eee PC, skrini inchi 7 na uzito usiofika kilo moja, niliikimbilia. Vidole vikagongana, nikitafuta "a" napata "s". Kwa hiyo kabla hujalipa, kaa nayo uchape aya nzima, siyo jina lako tu. Inchi 13 ndipo kibodi inapokupa nafasi ya kutosha, na nyingi za saizi hiyo zina kilo 1.2 au 1.3.

Muuzaji atakutajia uzito wa kompyuta peke yake. Mwambie apime na chaja! Ukipata inayochajiwa kwa USB-C, tundu lilelile la simu nyingi za sasa, chaja hiyohiyo huchaji na simu.

RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, sina mjadala: gigabaiti 16 ukiweza. Kwenye nyingi za hizi nyembamba imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, baadaye huongezi hata kidogo. Prosesa kubwa, yaani ubongo wa kompyuta wenye nguvu, waachie wahariri wa video.

"Saa 18" za betri zilizoandikwa kwenye boksi usizishike sana. Tafuta wati-saa za betri, yaani kiasi cha umeme inachobeba: yenye 50, kompyuta ikila wati 7, inakupa kama saa saba. Ukiongeza mwanga wa skrini, zinapungua.