Kulala na mtu bila uhusiano: ni kujiamini au kujishusha?

Mleta uzi ameuliza kama msichana anayelala na mwanaume asiye na uhusiano naye anajiamini au anajishusha. Nimewahi kuwa na mtu wangu, na nimewahi kukutana na mtu usiku mmoja kila mtu akashika njia yake. Kwa niliyoyaona, kule kulala tu na mwanaume hakukwambii kitu. Mimi ningeuliza huyo msichana anasema nini kabla nguo hazijavuliwa.

Mwaka 1997 mtafiti Patricia Morokoff na wenzake walitoa kipimo cha uthubutu wa wanawake kwenye mapenzi, wakakigawa mafungu matatu: kuanzisha, kukataa, na kujikinga na mimba na magonjwa. Nilijiona humo. Kukataa sina shida, hata awe kanigharamia vipi. Kuanzisha siogopi. Kigugumizi kilikuwa kwenye kondomu, maana mwanaume anajua pa kukushika: "Kwani huniamini?" Ukilijibu hilo swali umekwisha, mtabembelezana hadi ulegee. Siku hizi silijibu. Nasema "bila kondomu hatufanyi", nanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi, maana mdomo unawasha kuomba radhi. Wapo waliovaa bila neno. Mmoja alinuna, akavaa viatu akaondoka, nami nikalala fofofo.

Halafu kuna raha, ambayo wadada tunaikwepa. Tunaangalia yeye karidhika, sisi tunaigiza. Mtu wa usiku mmoja hakujui mwili wako, kwa hiyo usiposema "hapa, taratibu" atajuaje? (Na nyie mtakaokuja kuandika "malaya" hapo chini, mwanaume akisema anachotaka mnamwitaje?)

Ila dada, kama unakubali huku moyoni unangoja akupigie kesho yake awe wako, na kila akiondoka unalia, basi acha. Hicho unachokubali sicho unachokitaka.

Kondomu ikipasuka, au akiivua kimyakimya (hilo hukuliridhia, hata kama mengine uliridhia), usikae kujilaumu ndani. Dawa za PEP za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba mwisho ni siku 5, na kadiri unavyochelewa ndivyo uwezo wake unavyopungua. Vile vya uzazi wa mpango vya kila siku havizuii VVU wala kisonono. Ukifika kituoni mwambie mhudumu ilitokea saa ngapi, mlikojuana hakumhusu.