Maswali yenu: rekodi ya udereva ni nini na unaipataje

Wiki hii inbox imejaa rekodi za udereva tu, sijui mmeambizana? Haya twende.

Nimeomba kazi ya kuendesha, wakataka rekodi ya udereva. Nimepeleka kopi ya leseni wakanirudisha. Si ndo hiyohiyo?

Hapana kaka. Leseni inasema unaruhusiwa kuendesha gari gani na mpaka lini, rekodi inasema umekuwa ukiendeshaje. Humo utakuta makosa uliyopatikana na hatia, pointi (alama za adhabu unazowekewa kwa kosa), kama uliwahi kufungiwa leseni, na sehemu nyingine hata ajali. Anayeitunza ni yuleyule anayetoa leseni, Uingereza ni DVLA, Marekani kila jimbo lina yake kwa hiyo ukihama jimbo jiandae kuomba sehemu mbili. Ila kabla hujalipa chochote rudi kwa hao waajiri uwaulize, wanataka ya miaka mingapi na je lazima iwe imethibitishwa, manake kuna ile ya kujisomea mwenyewe unaitoa onlaini dakika mbili na kuna yenye uthibitisho wa ofisi, na watu wanaprinti ya kwanza wanaipeleka mbiombio halafu wanaambiwa siyo, wanalipa tena.

Niko Uingereza, nilikula pointi 3 za spidi miaka mitatu na nusu iliyopita. Nilisikia zinakufa baada ya miaka 3, mbona bado naziona?

Dada, aliyekwambia hajakudanganya, kakupa nusu. Pointi za spidi zinahesabika dhidi yako miaka 3, yaani ukifikisha 12 ndani ya muda huo unaweza kufungiwa, lakini kwenye rekodi zinakaa miaka 4. Kwa hiyo sasa hivi zako zinaonekana ila hazina meno. Kuendesha umelewa ni habari nyingine, hiyo inakaa miaka 11. Na kama una mdogo wako kapata leseni juzi mwambie mapema, miaka 2 ya kwanza pointi 6 tu zinatosha kumnyang'anya leseni, arudi kuanza na mtihani upya.

Mwajiri anaweza kuichungulia bila mimi kujua?

Uingereza wewe ndo unatoa msimbo (code) kwenye tovuti ya serikali, inadumu siku 21, unampa anaangalia. Marekani kuna sheria ya 1994 inayobana nani apewe taarifa zako za leseni, na mwajiri akitumia kampuni ya uchunguzi lazima usaini kwanza, tena akitaka kukunyima kazi kwa alichokikuta humo anatakiwa akupe nakala kabla. Sasa shida ni kwamba tunasaini bila kusoma, ile karatasi ya katikati kwenye lundo la fomu za kazi ndo yenyewe hiyo.

Kuna kosa kwenye rekodi yangu silijui kabisa.

Usianze kwa kugombana na karani wa leseni, yeye anaandika alichotumiwa na mahakama. Angalia kwanza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya leseni, tarakimu moja ikikosewa unabebeshwa dhambi za mtu mwingine. Kama siyo wewe au kesi ilifutwa, nenda mahakama iliyotajwa upate karatasi ya hukumu, hiyo ndo unaambatanisha na maombi ya marekebisho, na kopi ubaki nayo. Ila jiulize pia kwa ukweli, hukuwahi kupewa tiketi ukailipa ili yaishe? Marekani sehemu nyingi kulipa ni sawa na kukiri, na wengi wanakuja kushtuka hapo.

Faini za paking nazo zimo? Na bima?

Paking kwa kawaida hapana. Madai ya bima yako kwa kampuni ya bima, omba barua yao, usiende kuyatafuta ofisi ya leseni.