Nafasi ya kuacha wazi kwenye diski inayohifadhi mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine)
Acha asilimia 20 hivi, usiijaze hadi ukingoni. Kinachokula nafasi kimyakimya ni snapshoti, yaani nakala ya hali ya mashine kwa wakati fulani ili uweze kuirudia: ukishaipiga, kila badiliko huandikwa kwenye faili la pembeni, na faili hilo linaweza kukua hadi likaribie ukubwa wa diski pepe ya mashine hiyo. Kwenye VMware (programu ya kuendesha mashine pepe) kuna pia faili la swapu, la kushikilia data ya RAM ikizidiwa, linalotengenezwa mashine inapowashwa. Mashine ya RAM GB 32 ambayo haijatengewa RAM hiyo iwe yake peke yake inameza GB 32 nyingine za diski. Nimeshaona snapshoti moja iliyosahaulika ikijaza diski usiku, asubuhi mashine kadhaa zimeganda. Kama umezitengea diski pepe nafasi yake yote tangu mwanzo na hupigi snapshoti, hata asilimia 10 inatosha.