Kabati la mnadani: ni la enzi ya Malkia Anne kweli?

SWALI: Shikamoo fundi. Naishi Leicester, Uingereza. Mwezi uliopita nilinunua mnadani kabati refu la vipande viwili, kimoja kimekaa juu ya mwenzake, vyote vya droo, mbao za mjozi (walnut). Karatasi yake iliandikwa "Malkia Anne, na baadaye". Nyumbani nimeona mambo yananichanganya. Vitako vya droo za chini, nyuzi za ubao zinatoka mbele kwenda nyuma. Za juu zinatoka kushoto kwenda kulia. Mgongo wa juu na wa chini haufanani rangi. Tulipoinua kipande cha juu, tukakuta uso wa kile cha chini umepambwa mjozi mzuri kama wa mbele. Tena kuna vitundu vya wadudu. Jirani yangu seremala ananishauri nikwangue polishi yote, nipige msasa, nipake vanishi mpya. Je, nimeuziwa kitu cha kweli? Na nimsikilize jirani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na jirani, maana hilo ndilo la haraka. Mshukuru kwa nia yake njema, lakini asiliguse kabati hilo.

Kabati la namna hiyo si la mjozi mtupu. Mwili wake ni msonobari au mwaloni, na juu yake umebandikwa ubao mwembamba wa mjozi, yaani vinia. Vinia ya wakati ule ilipasuliwa kwa msumeno wa mkono, kwa hiyo ina unene wa kama milimita 1.5 hadi 3. Ya siku hizi hukatwa kwa kisu cha mashine na kwa kawaida haifiki hata milimita 1. Utasema basi ile ya zamani itahimili msasa. Haihimili, kwa sababu katika miaka 300 wameshapita wengi waliokwangua kidogo kidogo kabla yako. Nilipokuwa bado najifunza kazi, nilipitisha msasa kwenye kona ya meza ya mteja mara tatu nne tu, nikaona weupe wa msonobari unachungulia. Kona ile haikurudi tena, na mpaka leo nikishika msasa naikumbuka.

Hata vinia isipotoboka, kinachoondoka ni rangi. Mjozi uliorandwa leo ni wa kahawia yenye ukijivu. Ule wa dhahabu kama asali, unaouona kwenye kabati lako, umefifishwa na mwanga na kukolezwa na nta, moshi na mikono ya watu. Rangi hiyo haipo kwenye kopo lolote dukani. Wanunuzi wanaojua huilipia hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa uhalisi wake. Malkia Anne alitawala Uingereza kuanzia 1702 hadi 1714, na ulichonieleza kuhusu kipande cha chini kinaelekea huko. Mwanzoni mwa karne ya 18 maseremala wa Uingereza waliweka kitako cha droo nyuzi zikienda mbele na nyuma. Kadiri miaka ya 1730 na 1740 ilivyosonga, wakageukia kuziweka zikienda upande kwa upande. Alama hii moja haitoshi kutoa hukumu, ila hapa umeikuta mara mbili na inasema mambo mawili tofauti: chini ni mapema, juu ni baadaye.

Kinachonishawishi zaidi ni ule uso wa juu wa kipande cha chini, mliouona mlipoinua. Mjozi ulikuwa ghali. Baridi kali ya 1709 iliua miti mingi ya mjozi Ulaya, na mwaka 1720 Ufaransa ikapiga marufuku kuuza mbao zake nje. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likaondoa ushuru wa mbao kutoka makoloni yake ya Amerika, ndipo mahogani ikaanza kuingia kwa wingi. Seremala wa zama hizo hakuwa na mjozi wa kupoteza mahali ambapo pangefunikwa maisha yote. Akijua juu yake kitakaa kipande kingine, aliacha ubao mtupu. Uso huo wa kipande cha chini ukiwa umepambwa, maana yake kilitengenezwa kisimame peke yake, kabati fupi la droo, na watu wakaweka vitu juu yake. Kile cha juu kimeletwa baadaye kutoka kwingine.

Wafanyabiashara wa vitu vya kale huko huita jambo hili "ndoa". Na hukudanganywa. Yale maneno mawili "na baadaye" kwenye karatasi ya mnada ndiyo lugha yao ya kusema kwamba kitu hiki kina sehemu za zamani na sehemu zilizoongezwa au kubadilishwa. Watu wengi husoma jina la malkia wakaishia hapo. Kwa bei, ndoa haifikii kabati lililozaliwa zima. Lakini ukiwa na kipande cha chini cha enzi hiyo ambacho hakijakwanguliwa, una kitu cha heshima, na mimi nisingevitenganisha vilivyokwisha kuishi pamoja.

Nifanyie hivi kabla hujaridhika na maneno yangu. Chomoa droo moja ya chini, ipeleke dirishani, uishike ili mwanga uipige kwa ubavu. Kwenye pembe, pale mbele na ubavu vinapokutana, utaona viungo vya mkia wa njiwa, yaani meno ya ubao yaliyopanuka nchani na kuingiliana. Vya mkono havilingani: mmoja mnene, mwingine mwembamba, na pembeni yake kuna mstari mdogo uliokwaruzwa na fundi akipima. Vikilingana kabisa kama meno ya kitana, hiyo ni mashine, na mashine hizo ni za karne ya 19. Kisha geuza kitako. Alama za msumeno zikiwa mistari iliyonyooka, vizuri. Zikiwa nusu duara, ubao ule ulipita kwenye msumeno wa mviringo, nao ulienea karne ya 19. Ndani ya droo ubao uwe mkavu, haujapakwa rangi. Ukikuta umepakwa ili uonekane mzee, jiulize anayepaka anaficha nini. Tazama pia nyuma ya vishikio: matundu yaliyozibwa yanaonyesha vishikio vimebadilishwa, jambo la kawaida sana ambalo lisikunyime usingizi.

Vitundu vya wadudu nimeviacha mwisho kwa sababu vina habari nyingi. Bungua wa samani hutoka kwa kitundu cha duara cha milimita 1.5 hadi 2, akitoboa uso moja kwa moja. Kwa hiyo kwenye uso wa ubao unatakiwa kuona matundu tu. Ukiona njia zao zimelala wazi kama mifereji, ubao huo ulikatwa au kurandwa baada ya kubunguliwa, yaani ni ubao mzee uliotumiwa upya. Kagua hivyo mgongo wa kipande cha juu.

Kama wadudu bado wapo au hawapo, utajua hivi. Tandika karatasi nyeusi chini ya kabati, gongagonga mbao taratibu kwa kiganja. Unga mweupe-manjano uliomwagika mpya ni dalili mbaya. Kitundu chenye kingo zilizopiga weusi ni cha zamani. Ziba vitundu vichache kwa nta, kisha vitazame kuanzia Mei hadi Agosti, msimu ambao bungua hutoka Uingereza.

Kwa usafi, chukua pamba, ilowanishe kwa mate, jaribu sehemu iliyojificha. Usicheke: wakarabati wa makumbusho hufanya hivyo, mate yana vimeng'enya vinavyolainisha uchafu. Pamba ikitoka na weusi, ni uchafu. Ikitoka na rangi ya kahawia au ikinata, acha. Baadaye nta ya nyuki kidogo, mara moja au mbili kwa mwaka. Usitumie dawa za kupuliza zenye silikoni, na usiliweke karibu na radieta. Vinia ikianza kuinuka, usiibandike kwa gundi nyeupe ya dukani. Ile ya asili ni gundi ya ngozi ya wanyama, inayolainika kwa joto na unyevu, ndiyo maana inaweza kutengenezwa tena. Tafuta fundi aliye mwanachama wa BAFRA, chama cha wakarabati wa samani za kale wa Uingereza.

Unga mpya ukitokea kwenye ile karatasi, usipulize dawa yoyote kwanza. Litenge kabati na samani nyingine za mbao, piga picha, uniandikie.