Chenji ya Omena na Maswali Mengine ya Wazazi

*Mwalimu, hujambo? Kijana wangu ana miaka tisa. Nikimtuma omena (dagaa) pale soko la Kibuye, chenji hairudi kamili. Nimegombeza, nimechapa, wapi! – Mama, Kondele*

Sijambo, mama. Kwanza usimwite mwizi. Pengine kapunjwa, sokoni hata mkubwa hupunjwa. Kabla hajatoka, mwambie gorogoro, lile kopo la kupimia, ni pesa ngapi na arudi na ngapi, kisha azihesabu mbele yako. Kiboko kitamfunza kuficha, si kuhesabu.

Halafu nikuulize: ana pesa zake mwenyewe? Asiye na zake hujifunzia kwa zako. Jumapili mpe shilingi 50, mwambie ndizo za mandazi za wiki nzima. Jumatatu atazimaliza, Jumanne atakujia na uso wa huruma. Hapo ndipo pagumu: usimwongeze. Chakula cha nyumbani atakula kama kawaida, mandazi asubiri. Binti yangu alizimaliza siku moja, nikaumia moyo kumwona, lakini nikanyamaza. Jumapili iliyofuata nilimkuta amepanga sarafu za kumi kumi kitandani, tano, na kila moja ameitajia siku yake.

*Binti yangu yuko Gredi 9. Mimi nataka sayansi, yeye muziki. Nimwachie? – Baba, Lanet, Nakuru*

Usimwachie hivi hivi, wala usimchagulie. Sekondari ya juu, atakakoingia baada ya Gredi 9, ina njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Mpe karatasi aandike masomo matatu atakayochagua, shule zinazoyafundisha, karo yake, na anakotaka kufika. Akimaliza, keti umsikilize mpaka mwisho bila kumkatiza. Asipokuwa na jibu la jambo fulani, mpe wiki akatafute. Nawe, baba, andika yako. Je, sayansi unamtakia yeye, au ni ile uliyoikosa wewe?

*Mjukuu wangu husahau kufunga banda la kuku kila jioni. Nachoka kumkumbusha. – Nyanya, Kakamega*

Nyanya, kuku ni wako, ndiyo maana wewe ndiwe unayekumbuka. Mpe tetea mmoja awe wake kabisa, hata mayai aamue yeye kama ni ya kula, kuuza au kuatamiwa. Kumbusha mara moja tu. Na ikitokea kicheche amemchukua tetea huyo, usimwambie mjukuu "si nilikuonya". Mhurumie kwanza, kisha muulize leo atafunga banda saa ngapi.