Mzee ana sukari, binti hali nyama: mimi napanga jioni za wiki hivi

Dada wa Goma, pole. Umeuliza utapangaje chakula cha jioni cha wiki nzima wakati mzee amekutwa na sukari, binti amerudi kutoka masomoni hali nyama tena, na wadogo wanataka kila kitu kibaki kama zamani. Hapo nimepita, hapa Bukavu, miaka minne sasa. Nakujibu kwa marefu, univumilie.

Nilianza vibaya: sufuria tatu. Mzee namchemshia mboga isiyo na chumvi wala mafuta, binti kivyake, watoto kivyao. Gunia la makala, yaani mkaa, likaisha mwezi haujafika nusu. Mzee naye anagusa sahani, anasema ameshiba. Kumbe amepitia kwa wachoma mishikaki njiani. Shati lilimsema, lilinuka moshi wa mafuta ya mbuzi.

Aliyenitoa hapo ni bibi yangu, marehemu. Nimekulia Kadutu, hapa hapa mjini, lakini likizo zote tulizila kwake Walungu, kijijini. Jioni bibi hakuwa anauliza habari ya bugali (ugali wetu), aliuliza, "Kuna mboga gani?" Maharage, lengalenga (mchicha), majani ya maboga. Siku ng'ombe wamekubali, mashanza, maziwa yaliyogandishwa. Yale mashanza, dada! Meupe, machachu kidogo, anakuwekea kijiko kimoja tu ubavuni mwa bugali wa moto, nayo yanaanza kulegea kabla hujakata tonge. Tulikuwa tunakula tukiyazunguka ili yabaki ya mwisho. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, yeye aliwaita wageni, maana aliolewa kabla hawajaletwa katika ziwa Kivu kutoka Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1950.

Sasa angalia sahani zetu za mjini: bugali mlima, mboga kijiko. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga, na wanga ndio unaopandisha sukari ya mzee. Kwa hiyo nilichofanya ni kuanza ratiba na mboga, bugali ukafuata nyuma. Mzee anapata tonge la ukubwa wa ngumi yake, basi, halafu mboga nusu sahani. Wiki mbili za kwanza alinuna. (Usije ukauziwa unga wa mtama kwa bei ya dawa, eti "hauna sukari". Mtama mzuri, ila nao ni wanga, unapimwa vilevile.) Na kama anameza vidonge au anadungwa insulini, usimpunguzie chakula ghafla kabla ya kuongea na daktari wake, sukari ikishuka sana nayo inaangusha mtu.

Jumamosi ndiyo siku yangu ya sombe, majani ya muhogo. Nanunua yaliyokwisha kusagwa sokoni, kinu nimemwachia marehemu bibi. Yanachemka muda mrefu bila kifuniko, hapo huwa siharakishi, maana majani ya muhogo yana sumu yasipoiva vizuri. Natia kitunguu, poro (kitunguu cha majani) na pilipili mboga. Yakiiva nagawa: upande mmoja karanga ya kusaga, huo wa binti, upande wa pili ndagala (dagaa) wakavu. Mawese nayapima kwa kijiko, simimini tena kutoka kwenye chupa. Sufuria moja hiyo, na Jumapili jioni bado inalisha watu, mradi uichemshe tena asubuhi kama umeme wa friji unakuja na kuondoka kama kwangu.

Jumapili mchana ndiyo nyama, kidogo, kwa wanaokula. Maharage naloweka usiku ili yasinimalizie makala, nayapika mengi Jumatatu, Jumanne yanarudi na lengalenga. Makayabo, samaki wa chumvi, nayaloweka usiku kucha na kubadilisha maji mara mbili, kwa sababu mzee ana presha pia. Siku nyingine ni viazi, au mayai, au chochote kilichobaki, sitakudanganya kwamba kila kitu kinafuata karatasi.

Sambaza ndio wanaohitaji akili. Wavuvi wanatoka usiku na taa, mwanga ndio unaowaita samaki. Mwezi ukiwa mpevu taa inakosa nguvu, wanarudi na kidogo, na pale sokoni Nyawera bei inakufanya ucheke kwa hasira. Kwa hiyo kabla ya kuandika wiki natazama mbingu. Giza likiwepo nachukua wabichi, nawakaanga kwa mafuta machache, wakauke vizuri, ndimu na pilipili juu. Wanaliwa wazima, na mifupa yake ina kalsiamu, nzuri kwa watoto. Binti yangu nyama hali ila sambaza anakula. Wa kwako muulize, usikisie. Mimi nilikisia nikaaibika mbele ya wageni.

Kitu kimoja bado kinanishinda: chai ya mzee. Vijiko vitatu vya sukari alivyovizoea tangu ujana tumevishusha hadi kimoja, na hicho kimoja anakichota mwenyewe, kwa mkono usio na haya, kinajaa hadi kinamwagika.

Wiki hii mwezi umejaa. Alhamisi nimefuta sambaza, nimeandika maharage.